Mgeni anapofika kijijini, mwenyeji ni nani?

Kijiji chetu, kaskazini ya Pemba, hujaa watu mara mbili kwa mwaka: siku za Sikukuu na msimu wa karafuu. Msimu ukiwa mzuri, hata vijana waliohamia Unguja, Tanga na Dar es Salaam hurejea, kwa sababu mkarafuu haumsubiri mtu. Vichala vikianza kugeuka rangi ni lazima vichumwe kabla ya maua kufunguka, na kila siku inayopita ni hasara. Usiku familia nzima hukaa barazani ikichambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, na asubuhi majamvi hutandikwa kila penye jua, hata pembezoni mwa barabara. Nyumba zilizofungwa kwa kufuli mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Kisha msimu humalizika, gari za kuelekea bandarini hujaa, na kijiji hubaki na wazee, watoto wa skuli na akina mama wanaoshuka pwani kulima mwani.

Kwa miaka kumi nami nilikuwa mmoja wa wanaopanda gari hizo. Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja mpaka mwezi wa Machi 2020, ndege za watalii ziliposita kwa sababu ya maradhi ya korona, nasi tukaambiwa turudi makwetu mpaka tutakapoitwa. Sikungoja kuitwa. Tangu wakati huo nimekuwa nikishughulika, pamoja na jamaa na majirani, na jambo moja tu: kutafuta namna ambayo wageni wanaokuja Zanzibar wanaweza kukisaidia kijiji kidogo kama chetu kiwe hai mwaka mzima, na bado kibaki kijiji chetu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo hutajwa karibu katika kila mkutano wa utalii niliowahi kuhudhuria, na mimi naupenda, ila nimejifunza kuuliza swali kabla ya kuuitikia: mwenyeji ni nani? Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita kutoka nje, idadi inayozidi watu wote wa Pemba waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Walio wengi mno kati yao hawakuvuka Unguja, na hata huko Unguja walilala katika ukanda mwembamba wa pwani. Katika hoteli niliyofanya kazi, mayai, mboga na hata ndimu nyingi zilitoka bara. Kijiji kilichokuwa nyuma ya ukuta kilinunua maji kwa ndoo wakati bustani yetu ikimwagiliwa asubuhi na jioni, na njia ya zamani ya kushukia pwani ilihamishwa, ikawabidi wanawake wa mwani kuzunguka mbali na mizigo yao kichwani. Wageni walikuwa watu wema, na wengi waliniuliza wapi wangeweza kuona namna wenyeji wanavyoishi, nami nikiwa nimesimama hatua mia moja kutoka kwenye nyumba za watu sikuwa na jibu la kuwapa. Kijiji kile hakikuwa mwenyeji wa mtu yeyote. Kilikuwa jirani wa mwenyeji.

Niliporejea Pemba, mahali pa kwanza nilipokwenda kutazama kwa makini ni Kidike, kati ya Chake Chake na Wete. Wapemba wenzangu wanapajua, ingawa wengi wetu hatujawahi kufika. Hapo mchana hulala popo wa Pemba, popo mkubwa ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki, mwenye uso kama wa mbweha na mabawa ambayo yakitandazwa hupindukia mita moja na nusu. Zamani aliwindwa kwa ajili ya nyama, na bunduki zilipozidi na misitu ikapungua kwa kukatwa kuni na kufyekewa mashamba, idadi yake iliporomoka kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia kuwa atatoweka kabisa. Miaka ya 1990 vikaundwa vikundi vya hifadhi katika vijiji vyenye malalio ya popo, watoto wakafundishwa skulini kwamba mnyama huyu ndiye anayesambaza mbegu za miti ya msituni, na uwindaji ukapungua. Leo popo hao wamekadiriwa kupindukia 20,000 kisiwani kote, na Kidike mgeni hulipa kiingilio kidogo ili apite chini ya miti wanakoning'inia kwa maelfu.

Nilichokichukua Kidike ni mpangilio wa mambo, yaani kipi kilitangulia kipi. Hifadhi ilitangulia na mgeni akafuata. Watu wa pale walikuwa na sababu ya kuwalinda popo hata kama asingekuja mtalii mmoja, kwa hiyo mgeni anapokuja hukuta jambo linaloendeshwa na wenyewe, na akikosekana, kama alivyokosekana 2020, jambo lenyewe haliporomoki. Vijiji vingi hufanya kinyume chake. Hujenga kibanda cha kupokelea wageni, huchora bango, kisha hukaa kusubiri, na wageni wasipofika kibanda huingia mchwa.

Jozani, kule Unguja, nako kuna la kujifunza, na natamani Wapemba tulijue vizuri zaidi. Kabla ya msitu huo pamoja na Ghuba ya Chwaka kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na kima punju. Jina lenyewe linaonesha dhana waliyokuwa nayo, kwani punju ni sumu, na watu waliamini kwamba mti anaoula kima huyo hufa. Ugomvi huo ulianza kupoa pale sehemu ya mapato ya wageni ilipopelekwa vijijini na wakulima waliokuwa wakiliwa mazao yao wakaanza kupata fidia. Wanakijiji wa Pete waliitengeneza njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na wakulima wa eneo hilo hufuga vipepeo na kuwauzia kituo cha maonesho wakiwa bado katika hali ya buu lililojifunga. Nani angedhani kwamba mtu wa shamba angeweza kupata senti kwa kufuga kipepeo? Huo kwangu ndio ubunifu: mtu kutazama upya kitu alichokuwa akikipita kila siku, na kukifanyia hesabu.

Lakini ni lazima pia nitaje Kizimkazi, kijiji cha kusini ya Unguja, kwa sababu ni onyo. Wavuvi wa kule walikuwa wakiwavua pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha papa, wakaacha katika miaka ya 1990 walipogundua kuwa pomboo aliye hai huleta fedha nyingi kuliko aliyekufa. Hadi hapo ilikuwa habari njema. Kisha boti zikazidi, kila nahodha akitaka mgeni wake awe wa kwanza kuruka majini karibu na pomboo, na wanyama hao wakawa wanafukuzwa asubuhi nzima, hata majike yenye watoto. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni watu wa boti kukaa pamoja mapema, kabla tamaa haijaingia, wakakubaliana idadi ya boti na umbali wa kusogelea, na wakapatikana wa kuwasimamia waliokubaliana.

Basi sisi tulianza na nini? Tulianza na mwani, kwa kuwa ndiyo kazi iliyobaki kijijini wakati kazi nyingine zimehama. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kikaenea haraka, na sasa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba. Mama yangu mdogo ameulima kwa zaidi ya miaka ishirini. Maji yakipwa wakati wa bamvua hushuka na wenzake, wakapigilia vigingi, wakafunga mbegu moja moja kwenye kamba, na baada ya wiki kama sita huvuna, wakaubeba ukiwa umelowa na kuuanika. Ni kazi nzito, na bei yake haijawahi kulingana na uzito huo. Kilo ya mwani mkavu wa kawaida haifiki bei ya kilo ya mchele. Aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei bora, imekuwa ikifa katika maji mafupi kwa sababu bahari imezidi joto. Mtafiti Flower Msuya, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, amewafundisha wanawake kuiotesha katika maji ya kina kwa kutumia nyavu za mfano wa mirija, ambazo hazikatiki ovyo kwa mawimbi. Njia hiyo inafaa, ila inahitaji chombo cha kuwafikisha huko na inahitaji wanawake wanaojua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa.

Kwa hiyo jambo letu la kwanza halikuwa la utalii hata kidogo: wasichana na wanawake kumi na mmoja walijifunza kuogelea, wakiwa na mavazi yao ya stara, wakifundishwa na mwanamke mwenzao. Na la pili lilikuwa sabuni. Mwani uliokaushwa ukasagwa, ukachanganywa na mafuta ya nazi na mdalasini, huwa sabuni ambayo kipande chake kimoja huuzwa kwa bei inayokaribia ile ya kilo nzima ya mwani mkavu, au kuipita. Ndipo tulipowaalika wageni wa kwanza, watu wanne tu, waje wakae siku mbili, washuke pwani na akina mama maji yakipwa, wafunge mbegu, wachanganye sabuni, wale muhogo wa nazi na pweza, walale.

Kulala ndiko kulikotupa taabu. Tulidhani mgeni anataka kitanda kikubwa na kiyoyozi, tukaona hatuwezi. Ilituchukua muda kufahamu kwamba anachohitaji kweli ni choo safi, maji ya kutosha, chandarua kisicho na tundu, na taa. Pemba tulipata umeme wa uhakika mwaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga, lakini kuna nyumba nyingi pembezoni ambazo nguzo hazijazifikia. Kwa hizo tumetumia sola. Unguja, katika kijiji cha Kibokwa, kuna chuo kinachowafundisha wanawake wa vijijini, hata wale ambao hawakusoma sana, kuunda na kufunga mitambo midogo ya sola, nami nawahimiza wanaoisoma makala hii wawatafute mafundi hao kabla ya kumwita fundi wa mjini. Maji tunayakinga ya mvua, kwa mifereji ya bati na tangi la saruji. Tulijiwekea sharti kwamba nyumba isiyokuwa na tangi haipokei mgeni, kwa sababu sikutaka kuona kijijini kwetu kile nilichokiona nyuma ya ukuta wa hoteli.

Kosa letu kubwa lilikuwa la fedha, na nalieleza ili wengine wasilirudie. Mwaka wa kwanza kijana mmoja wetu aliyekuwa na simu nzuri ndiye aliyewasiliana na wageni, ndiye aliyepokea malipo, na ndiye aliyegawa. Sidhani kama aliiba. Hata hivyo hakuna aliyejua kiasi gani kiliingia, na kisichojulikana hukuzwa na midomo. Baada ya miezi michache ndugu walikuwa hawasalimiani, na mama mmoja alikataa kuwapikia wageni kwa kudhani kwamba anafanya kazi ya mtu mwingine. Tulisimamisha kila kitu kwa msimu mzima. Tulipoanza tena, sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, alisaidia kuitisha kikao, tukakubaliana kuwe na daftari moja, na kila mwezi, Ijumaa ya mwisho baada ya sala, lisomwe kwa sauti mbele ya watu: nani alikuja, alilala kwa nani, alilipa ngapi, mpishi alipata ngapi, mwenye ngalawa ngapi, na fungu la kijiji ni ngapi. Wanawake husomewa katika kikao chao alasiri ileile. Fungu la kijiji mpaka sasa limetengeneza mlango wa chuo cha Kurani na kununua mbegu za mikoko kwa ajili ya kijito kilicholiwa na bahari. Siyo fedha nyingi. Lakini tangu daftari lianze kusomwa hatujapata ugomvi mwingine, na hata wasiohusika na wageni wamekuwa wakilinda jambo hili, kwa sababu wanajua lao liko humo.

Wageni wengi huomba kununua karafuu, na hapa sina budi kueleza, maana wengine hudhani tunawanyima. Karafuu ya Zanzibar kwa mujibu wa sheria huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kuiuza pembeni ni magendo. Kwa hiyo mgeni wetu hupanda mkarafuu kwa ngazi, huchuma, huchambua barazani na kuona majamvi, kisha tunamwelekeza akanunue katika maduka ya shirika, au akatazame kiwanda cha mafuta ya makonyo kule Wawi. Sisi tunamuuzia mdalasini, vanila, pilipili manga, mikeka ya ukili na sabuni. Mwanzoni nililiona jambo hili kuwa ni kikwazo. Sasa naona limetulazimisha kufufua vitu tulivyokuwa tumeviacha, kwani kabla ya hapo hapakuwa na msichana hata mmoja kijijini aliyekuwa akijifunza kusuka mkeka wa rangi kwa bibi yake.

Kuhusu adabu na mavazi sina mengi ya kusema, kwa sababu halikuwa tatizo kama watu walivyotutisha. Mgeni huelezwa kabla ya kufika: mabega na magoti yafunikwe, pombe haipo, mwezi wa Ramadhani hatupokei wageni wa kulala. Wasiotaka hawaji, na wanaokuja hushukuru kwamba waliambiwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu tunawapa jembe siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote.

Hivi karibuni tumeanza kuzungumza na wavuvi kuhusu pweza. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, watu wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa kipindi cha kama miezi mitatu, asiingie mtu kuchokoa, kisha wakaufungua siku moja kijiji kizima kikishuka pamoja. Kwa kuwa pweza hukua haraka sana, muda huo mfupi hutosha kuonekana tofauti ya uzito. Na Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, tangu kilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, masheikh wameshiriki kuwaeleza wavuvi kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na bahari, mlinzi wa amana, na maneno hayo yalipenya pale ambapo vitisho vya faini havikupenya. Nadhani kwetu pia ni masheikh na akina mama wa mwani watakaofanikisha jambo hili, zaidi ya mimi na karatasi zangu. Wavuvi wa dema wamekubali. Wachokoaji, ambao wengi wao ni wanawake maskini wanaotegemea pweza kwa kitoweo cha siku hiyohiyo, wameuliza watakula nini miezi hiyo mitatu, na swali lao ni la haki. Mpaka tutakapolijibu, mwamba hautafungwa.

Jambo linaloninyima usingizi kwa sasa ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilikuwa ya Serikali, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu za kulima. Ni haki ya matumizi, nayo haitoshi kumlinda mtu anapofikiwa na mwenye fedha nyingi. Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye eka tatu zinazogusa ufukwe wetu alitembelewa na watu wawili kwa gari, wakamsifia minazi yake, wakataja kiasi ambacho hajawahi kukishika maishani mwake. Mzee huyo ana wajukuu wanane na paa linalovuja. Siwezi kumwambia akatae kwa ajili ya sabuni na mikeka yetu, wala sitaki auze halafu njia ya kushukia pwani ihamishwe tena, safari hii mbele ya macho ya mama yangu mdogo.

Nilikwenda kukaa naye barazani juzi baada ya sala ya magharibi. Nilimuuliza, "Babu, unataka nini hasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema anataka bati, na anataka mjukuu wake mkubwa arudi kutoka Unguja. Tumepiga hesabu ya bati. Fungu la kijiji la miezi minne linaweza kulinunua, ikiwa kikao kitaridhia. Kuhusu mjukuu, nimempigia simu. Ni fundi seremala, na tuna ngalawa mbili zinazohitaji kutengenezwa kabla ya upepo wa kaskazi kuanza. Ameniuliza siku ngapi za kazi na malipo ni kiasi gani, nikamwambia kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi daftari litasomwa, aje alisikilize mwenyewe.